Uchovu wa kazi kwa walimu: dalili zake, hatari zake na namna ya kurudi katika hali

Msikilizaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika kata mojawapo ya milimani wilayani Kilosa, alitutumia ujumbe mfupi wakati wa kipindi cha asubuhi. Hakutaka jina lake lisomwe hewani. Aliandika kwamba kila Jumapili jioni tumbo linamsokota, Jumatatu akishavaa viatu miguu inakuwa mizito, na kwamba mwezi huo amepima malaria mara tatu na mara zote majibu yametoka hana. Swali lake lilikuwa fupi: huu ni ugonjwa au ni uvivu?

Tulimjibu kwa dakika mbili tatu, kisha muda wa kipindi ukaisha. Makala haya ndiyo jibu refu. Yameandikwa ili mwalimu ayasome kwenye simu yake kwa nafasi, na pia mume, mke, mwalimu mkuu au mzazi wa mwanafunzi ajue anachokiona mbele yake ni kitu gani.

Ni hali gani hasa?

Kuchoka ni kawaida. Mwalimu aliyesimama darasani vipindi saba akilala mapema, asubuhi anaamka mzima. Uchovu tunaouzungumzia hapa ni ule ambao usingizi hauuondoi. Unajijenga taratibu, kwa miezi au miaka, pale kazi inapoizidi nguvu ya mtu na msaada alio nao.

Shirika la Afya Duniani liliueleza mwaka 2019, lilipopitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na ina sura tatu: mtu anaishiwa nguvu, moyo wake unajitenga na kazi, anaikinai au anaibeza, na anaona anachokifanya hakina faida tena. Wataalamu wanasisitiza hizo sura tatu kwa sababu ukiwa na moja tu, kwa mfano umechoka lakini bado unawapenda watoto na unaona wanaelewa, huenda unachohitaji ni likizo. Zikikutana zote tatu, mambo yamefika mbali.

Mmoja wa wa kwanza kuiandikia hali hii kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, mwaka 1974. Alikuwa akifanya kazi kwenye kliniki ya bure iliyoendeshwa na watu wa kujitolea. Aliona kwamba wanaoishiwa ni wale walioingia na moyo mkubwa, yeye mwenyewe akiwemo. Kwa hiyo mwalimu wetu wa milimani tunaweza kumjibu hivi: uvivu siyo. Mvivu hachoki kwa namna hiyo, kwa kuwa hajawahi kuitoa nguvu yake yote. Na ugonjwa wenyewe bado siyo, ingawa ukiachwa unaweza kuuzaa.

Mzigo unatoka wapi?

Tupige hesabu ndogo. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuchukue darasa lenye watoto 90, ambalo kwa walimu wengi wa vijijini si ajabu. Mwalimu akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, amemaliza saa moja na nusu. Akiwa na madarasa matatu ya namna hiyo kwa siku, ni saa nne na nusu za kusahihisha. Bado hajaandika andalio la somo. Bado ni mwalimu wa zamu wiki hiyo, yaani awe shuleni kabla ya watoto na aondoke baada yao.

Madarasa hayakujaa kwa bahati mbaya. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977. Ada za shule ya msingi zikafutwa 2002. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaleta elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Yote matatu yalikuwa mambo mema, na mimi mwenyewe ni mtoto wa mlango huo wa pili. Lakini kila mara watoto waliingia kwa mkupuo, walimu na vyumba vya madarasa vikaja nyuma polepole. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kwa darasa la kwanza na la tatu, na waliokuwa wamezoea maandalizi ya miaka kumi ikabidi waanze ukurasa mpya.

Kwa wilaya yetu ongeza jiografia. Anayefundisha Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya Iringa, hana shida sawa na anayefundisha Vidunda mlimani, ambako masika ikikaza pikipiki haipandi na mshahara unaufuata kwa miguu. Aliyepangwa bondeni anaishi na kumbukumbu ya Mto Mkondoa, uliofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, ukabomoa reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi vina kazi nyingine ya usiku, kulinda mazao tembo wasiyamalize, na mwalimu mwenye shamba naye yuko huko na tochi. Pale ambapo wakulima na wafugaji wamegombana, mwalimu anaingia darasani akakuta nusu ya madawati matupu, na wiki inayofuata anatakiwa aeleze kwa nini ufaulu umeshuka.

Halafu kuna kazi zisizoandikwa popote. Kijijini mwalimu ni mwandishi wa barua za watu, katibu wa vikao, msoma risala kwenye harusi na mpatanishi wa wanandoa. Na siku hizi kuna kundi la WhatsApp la shule, ambamo saa tatu usiku takwimu zinatakiwa ziwe zimefika kabla ya asubuhi. Sijakutana na mwalimu hata mmoja anayelipenda kundi hilo.

La mwisho ni deni. Mwalimu anayedaiwa na wakopeshaji wa mtaani, hao tunaowaita kausha damu, huwa anafundisha huku akiwaza tarehe. Sheria inataka makato yakishatolewa, theluthi moja ya mshahara ibaki. Mikopo ya pembeni haionekani kwenye hati ya mshahara, kwa hiyo theluthi hiyo nayo inaliwa kimyakimya.

Dalili, na nani anaziona kwanza

Mimi ni mtoto wa mwalimu. Nikiwa darasa la sita, mama alikuwa akisahihisha madaftari mezani kwa taa ya chemli, nami nikilala chumba hicho hicho. Niliijua kazi yake kwa sauti. Ukurasa unafunguliwa, kimya kidogo, kalamu inakwaruza, mara anacheka peke yake kwa jibu la ajabu la mtoto. Mwaka ule kile kimya kikapotea. Akawa anafungua, anaweka tiki, anafunga. Hasomi. Kucheka kuliisha miezi kabla hajasema kwamba amechoka.

Ndiyo maana nasema mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Watoto wa nyumbani wanaona. Mwenzako wa ofisini anaona kwamba umeanza kumpa kiranja chaki aandike nukuu ubaoni huku wewe umekaa nje chini ya mwembe. Wanafunzi wanaona kwamba hujui tena majina yao, unawaita "wewe wa nyuma".

Mwilini dalili ni usingizi unaokatika saa tisa usiku, kichwa kuuma, mgongo, tumbo la Jumapili jioni, mafua yasiyoisha. Moyoni ni hasira ya karibu, machozi bila sababu, au kutosikia chochote kabisa, ambako kwa maoni yangu ndiko kubaya zaidi. Wengine wanaongeza pombe. Wengine wanaanza kuchelewa, kwanza Jumatatu, kisha siku yoyote.

Fimbo nayo ni kipimo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu akijikuta anachapa kila kipindi kwa makosa ambayo mwaka jana alikuwa akiyacheka, ajue anawapiga watoto kwa uchovu wake. Hapo atoke nje ya darasa kwanza, hata kwa dakika tano. Mtoto akiumia, kueleza kwamba ulikuwa umechoka hakutamsaidia yeye wala wewe.

Pima kwanza

Kabla ya kuamua kwamba ni kazi, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, kisukari, presha, matatizo ya tezi ya shingo, hata ujauzito wa mwanzo, vyote vinaleta uchovu wa namna hii. Anzia zahanati au kituo cha afya. Kwa vipimo zaidi kuna Hospitali ya Wilaya Kilosa na, kwa walio upande wa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Mwambie mtoa huduma ukweli wote, pamoja na usingizi na mawazo. Wengi wetu tukifika pale tunasema "kichwa" basi, tunapewa panado tunarudi.

Kuna pia sonona, na hii ni ugonjwa unaotibika. Njia rahisi ya kuitofautisha ni kujiuliza unakuwaje ukiwa mbali na shule. Uchovu wa kazi kwa kawaida hulegea likizo ikianza, ukacheka na ndugu, ukapata hamu ya chakula. Sonona inakufuata hadi likizo, hadi harusini, hadi kanisani au msikitini. Hakuna kinachokupa raha. Anayeanza kusema maisha hayana maana, anayeaga watu au kufikiria kujidhuru, asiachwe peke yake. Dawa za shambani ziondolewe nyumbani na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka wilayani kuna utaratibu wa rufaa kwenda hospitali ya mkoa Morogoro, na mbele zaidi kuna Mirembe kule Dodoma. Jina la Mirembe linawatisha watu kwa sababu ya utani wa mitaani. Kwa kweli ni hospitali, na watu wanatibiwa wanarudi kazini.

Usipotee kazini

Hapa naomba mwalimu asome polepole, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza kazi.

Mtu aliyeishiwa nguvu ana tabia ya kukimbia. Anaenda mjini Ijumaa, Jumatatu inafika anashindwa kurudi. Simu anazima. Wiki inapita. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya msingi ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa kazi. Mamlaka ya nidhamu haiwezi kusoma moyo wako. Inasoma daftari la mahudhurio na karatasi zilizo kwenye jalada lako.

Kwa hiyo karatasi ziwepo. Daktari akiona unahitaji kupumzika atakuandikia mapumziko, ile tunayoiita ED. Ipeleke kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, au mtumie mtu, na ubaki na nakala. Piga picha kwa simu. Huwezi kwenda shule wala hospitali? Tuma ujumbe wa maandishi, mfupi tu, unaosema unaumwa na uko wapi. Ukiwa tayari umeshaandikiwa barua ya kujieleza, ijibu ndani ya muda uliopewa, hata kama majibu yenyewe ni aibu kuyaandika. Kukaa kimya ndiko kunakoharibu mashauri mengi. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina ofisi wilayani na ina ngazi za rufaa. Chama chako cha wafanyakazi kina mwakilishi shuleni kwako. Michango yako inakatwa kila mwezi, basi mtumie.

Walimu wa shule binafsi, ambao huwa tunawasahau, wanalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya mwaka siku 28, na likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari.

Kupona

Kupumzika ni mwanzo, lakini pumziko peke yake halitoshi. Ukirudi kwenye mzigo ule ule uliokuangusha, utaanguka tena kabla muhula haujaisha. Lazima kitu kimoja kipungue.

Mama yangu alipunguza cheo. Alikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi, kazi ya ratiba, mitihani na ripoti juu ya vipindi vyake vya kawaida. Alimwendea mwalimu mkuu, mzee mmoja mpole, akasema hawezi tena. Kijijini walisema ameshushwa. Kuna mama mwenzake wa kwaya alimpa pole kana kwamba amefiwa. Alibaki na darasa lake tu, akaanza kulala saa nne, na kama mwaka hivi baadaye nikasikia tena kile kicheko cha usiku mezani. Aliendelea kufundisha hadi alipostaafu.

Si kila mtu ana cheo cha kuacha. Lakini madaftari yanaweza kupungua. Wanafunzi wakubwa wanaweza kubadilishana madaftari na kusahihisha pamoja kwa majibu ya ubaoni, nawe ukachukua madaftari 20 tu ya kusoma kwa makini, kesho 20 mengine; baada ya wiki umelifikia darasa zima na umeyasoma kweli. Zamu inaweza kubadilishwa na mwenzako kwa wiki mbili. Vile vikao vya walimu vya mafunzo endelevu shuleni, MEWAKA, vinaweza kutumika kugawana maandalio badala ya kila mtu kuandika lake upya. Simu unaweza kuiweka kabatini saa mbili usiku. Kama jambo ni la dharura kweli, mtu atakuja kugonga mlango.

Likizo ya Juni na ya Desemba iwe likizo. Najua kuna kambi za darasa la saba, na najua wazazi wanazipenda. Lakini mwalimu aliyefikia hali hii akikubali kambi amejinyima dawa pekee aliyokuwa nayo. Aseme hapana mwaka huu.

Deni nalo lisemwe nyumbani. Nimezungumza na walimu ambao wenzi wao hawajui kwamba kadi ya benki imeshikwa na mkopeshaji. Usiri huo unachosha kuliko deni lenyewe. Orodhesha unaowadai na wanaokudai kwenye karatasi moja, anza na lenye riba kubwa, na usichukue mkopo mpya kulipa wa zamani bila mtu mwingine kuiangalia hesabu hiyo.

Kuhusu uhamisho, ambao wengi wanauona ndio dawa: maombi siku hizi yanapitia mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, na kubadilishana vituo na mwalimu mwingine huwa rahisi zaidi kuliko kuomba nafasi tupu. Unasaidia kama kinachokuchosha ni umbali na mwenzi wako au watoto. Kama kinachokuchosha ni madarasa yaliyojaa, huko unakokwenda nako yamejaa.

Na tafuta mtu mmoja wa kumwambia. Mmoja tu, asiyekuwa na haraka ya kukushauri.

Kwa mwalimu mkuu na kijiji

Mwalimu mkuu, ukiona mtu wako mzuri amebadilika, muite peke yake kabla hujamwandikia barua. Muulize analala saa ngapi. Ratiba iko mikononi mwako: unaweza kumwondolea kipindi cha mwisho cha mchana, au kumpumzisha zamu mwezi mmoja. Na kundi la WhatsApp ni lako. Ukisema hakuna ujumbe wa kazi baada ya saa kumi na mbili jioni, hakutakuwa na ujumbe.

Kijiji kina sehemu yake. Kamati ya shule inaweza kumtafutia mwalimu chumba cha kupanga karibu na shule, kuliko akae kilomita nane. Mzazi anaweza kuhakikisha mtoto anakuja na kalamu. Na barua ya kuombea mkutano wa ukoo, jamani, kuna vijana waliomaliza kidato cha nne wanaoweza kuiandika.

Mwalimu akirudi baada ya mapumziko, wiki ya kwanza apewe vipindi vichache, na asipangiwe zamu. Ofisini wasimpokee kwa maswali. Chai, kiti chake kile kile, na ratiba mpya iliyobandikwa ukutani tayari.